Asilimia ya ulemavu kazini: pesa hupotelea kwenye fomu, si mahakamani

Mtu akikatwa kidole na msumeno kule Elburgon, au mkono ukinaswa na mkanda wa mashine kwenye kinu cha unga Nakuru, swali linalofuata matibabu ni moja: nitalipwa ngapi? Jibu ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua mapato ya mwezi mmoja, zidisha kwa 96, kisha zidisha kwa asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hiyo 96 ni miezi, yaani miaka minane, na imewekwa na kifungu cha 30 cha sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile ambayo kila mtu huiita WIBA. Mwajiri hawezi kuishusha, wala wakili hawezi kuipandisha. Kwa hiyo malipo yakitoka madogo kuliko yalivyostahili, kosa liko kwenye namba mbili zilizobaki: asilimia au mapato. Zote mbili huandikwa mapema, mara nyingi majeruhi akiwa bado na bandeji na hana habari.

Tuanze na nani anahusika, maana hapa kuna uvumi mwingi. WIBA inamhusu kila aliyeajiriwa kwa ujira, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Wanajeshi tu ndio hawamo. Kibarua wa siku wa shamba la maua Naivasha yumo, mpakiaji wa magunia pale Kisumu yumo, na dada wa kazi za nyumbani yumo pia. Kukosa barua ya ajira hakukutoi, ila kunakupa kazi ya kuthibitisha kwamba uliajiriwa. Jumbe za M-Pesa za malipo, jina lako kwenye daftari la getini, daftari la mahudhurio, kitambulisho cha kazi, hata picha ya orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, vyote vinasaidia. Kama uliletwa na wakala wa vibarua na kampuni nyingine ndiyo iliyokuwa ikikutumia, kila upande utakuelekeza kwa mwenzake. Sheria inasema mfanyakazi aliyeazimwa kwa muda hubaki wa mwajiri wake wa awali. Andika notisi kwa wote wawili na uwaache wao ndio wabishane.

Tena huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba ajali ilitokea ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hicho ndicho ulichopewa. Ulichonyang'anywa ni haki ya kumshtaki mwajiri kwa madai ya kawaida ya maumivu na mateso. Kifungu cha 16 kinazuia kesi hiyo, na Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019 ilipoikataa rufaa ya Chama cha Mawakili. Anayekuambia leo kwamba atakufungulia kesi ya mamilioni kwa hakimu, juu ya ajali ya mwaka huu, muulize anapitia kifungu gani.

Mwajiri hupenda kusema, "Alitoa kinga ya mashine mwenyewe." Utovu wa makusudi unaweza kweli kukunyima fidia, lakini si kila mara. Jeraha likikuacha na ulemavu wa kudumu wa asilimia 40 au zaidi, au likikuua, fidia inalipwa hata kama utovu ulikuwepo. Na kuna tofauti kubwa kati ya makusudi na uzoefu wa kazi. Kinga iliyoondolewa miezi sita iliyopita, supavaiza akiiona kila asubuhi na kunyamaza, ni vigumu kuiita utovu wa aliyekatwa.

Sasa asilimia. Jedwali la Kwanza la sheria linaorodhesha majeraha na namba zake. Kupoteza viungo viwili vikubwa (mikono au miguu), kupofuka macho yote, kupooza kabisa au kubaki kitandani maisha yote ni asilimia 100. Kutoka hapo namba zinashuka: mkono kuanzia begani, kiganja kuanzia kifundo, mguu kulingana na umekatwa wapi, jicho moja, sikio moja, vidole. Vidole ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi, kwa sababu jedwali halihesabu kidole kama kitu kimoja. Linahesabu pingili. Kidole gumba kina pingili mbili, vingine vina tatu tatu, na kila pingili iliyopotea inabadilisha namba. Gumba lina uzito kuliko kidole cha shahada, nacho cha shahada kinakizidi kile cha mwisho.

Ndiyo maana maneno ya daktari ni pesa. Akiandika "amekatwa kidole cha mkono wa kulia", hajamwambia mkadiriaji chochote. Anayekadiria atachagua pingili moja, na hutakuwa na la kumshika nalo. Maelezo yanayofaa ni kama haya: kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimekatwa kwenye kiungo cha katikati, pingili mbili hazipo, kisiki kinauma kikiguswa, mgonjwa hutumia mkono wa kulia. Mwombe daktari aandike hivyo. Si kumfundisha kazi. Ana foleni ya wagonjwa sitini nje, na atashukuru ukimkumbusha fomu inataka nini.

Jeraha lisilokata kitu ndilo gumu. Mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, kiwiko kisichonyooka, bega lisilopanda, mshipa wa fahamu uliosagwa mpaka vidole vikafa ganzi. Hapa jedwali linatumika kwa njia mbili. Kwanza, kiungo kilichopo lakini kisichofanya kazi tena kabisa huhesabiwa kana kwamba kimepotea. Pili, jeraha lisiloorodheshwa hupewa asilimia na Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, mradi isipingane na mizani ya jedwali. Namba yake hutoka kwenye vipimo. Kwa hiyo ripoti iwe na nyuzi: kiwiko kinakunjika kutoka nyuzi ngapi hadi ngapi, na cha upande wa pili je. Iwe na nguvu ya kushika kitu kwa mkono ulioumia na ule mzima. Iwe na picha ya eksirei ya siku ya ajali na nyingine ya baada ya kupona. "Maumivu ya mgongo" bila picha wala kipimo mara nyingi huishia kuandikwa kuwa ni jeraha la nyama laini lililopona, asilimia sifuri, faili limefungwa.

Wakati wa kupimwa nao una hila yake. Ulemavu wa kudumu ni ule unaobaki baada ya matibabu kufika mwisho wake, sio ule unaoonekana wiki ya tatu. Kidole kilichokatwa hakisubiri chochote, kimekatwa. Lakini mkono uliosagwa ukipimwa mapema unaweza kukupunja kwa njia mbili: daktari anaandika kwamba utapona kabisa, nao usipone, au anaandika asilimia kubwa sasa, halafu daktari wa bima akupime miezi minne baadaye, akute umepata nafuu na aipasue ripoti yote kama ya kutiwa chumvi. Wenye vyuma ndani ya mfupa wamuulize daktari waziwazi kama kuna upasuaji mwingine unaokuja kabla hajajaza sehemu ya ulemavu wa kudumu.

Kipo kipengele ambacho watu hawakitumii. Jeraha likiwa na athari kubwa isiyo ya kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yako, Mkurugenzi anaweza kupandisha asilimia juu ya ile ya jedwali. Ncha ya kidole kwa mlinzi wa geti na ncha hiyohiyo kwa fundi cherehani si hasara moja. Hakuna atakayekupandishia bila kuombwa, ingawa. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: kazi yako ni ipi, kidole au jicho hilo lilikuwa linafanya nini kwenye kazi hiyo, sasa kipi hakiwezekani. Ambatisha barua ya msimamizi au mkufunzi wa ufundi huo kama unaweza kuipata.

Namba ya pili, mapato, ndiyo ninayoiona ya hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeibishia. Watu watagombania asilimia 8 au 10 mwaka mzima, na kumbe mshahara ulioandikwa kwenye fomu una pengo kubwa kuliko hilo. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 18,000. Mara 96 ni 1,728,000. Kwa ulemavu wa asilimia 10 anapata 172,800. Lakini huyu pia hupewa shilingi 2,700 za nyumba, na kila mwezi hufanya saa za ziada za karibu 3,300, bila kukosa. Mapato yake halisi ni 24,000. Mara 96 ni 2,304,000, na asilimia 10 yake ni 230,400. Mwajiri ameokoa shilingi 57,600 kwa kuandika mstari wa kwanza tu wa hati ya mshahara.

Sheria inataka mapato ya wakati wa ajali, pamoja na thamani ya chakula na nyumba anayotoa mwajiri, na saa za ziada au malipo maalumu yanayokuja mara kwa mara. Haihesabu saa za ziada za bahati, kazi ya siku moja isiyojirudia, bahashishi ya hiari ya mwajiri, wala pesa za nauli unazorudishiwa. Kwa hiyo weka hati za mshahara za miezi kadhaa mfululizo, si moja. Moja inaonyesha tukio, kadhaa zinaonyesha desturi.

Kwa kibarua pengo ni pana zaidi. Anayelipwa 700 kwa siku na kufanya siku 26 kwa mwezi ana mapato ya 18,200. Ulemavu wa asilimia 20 unampa 349,440. Fomu ikionyesha alifanya siku 15 kwa mwezi, mapato ni 10,500 na fidia inashuka hadi 201,600. Na fomu huandika siku 15 kwa sababu mwezi wa ajali ndio uliochukuliwa, na tarehe 17 alikuwa hospitalini! Jumbe za M-Pesa za wiki kumi na mbili kabla ya ajali hujibu hoja hiyo bila kelele. Zitoe kwenye simu mapema, kabla simu haijaibiwa au kubadilishwa.

Waziri ana mamlaka ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha malipo, kwa hiyo mwenye mshahara mnono aulize ofisini kabla ya kujenga nyumba kichwani.

Mtiririko wa makaratasi ni huu. Unamwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Fanya kwa maandishi, nakala moja ipigwe muhuri au ipigwe picha mikononi mwa aliyeipokea. Ujumbe wa WhatsApp kwa supavaiza siku hiyohiyo ni bora kuliko barua ya kupendeza mwezi ujao. Mwajiri ana siku saba tangu apate habari kuripoti kwa Mkurugenzi kupitia fomu ya DOSH/WIBA 1. Ajali ya kifo ni ndani ya saa 24. Fomu ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na hapo ndipo zile namba mbili zetu zinapozaliwa. Kwa hiyo omba kuisoma kabla haijaondoka, au pata nakala yake baadaye. Angalia vitu vinne tu: tarehe ya ajali, kazi uliyokuwa ukifanya, mapato, na sentensi ya daktari kuhusu ulemavu. Fomu ya P3 ya polisi si mbadala wake. P3 ni ya shambulio na mambo ya jinai. Watu huenda kwa daktari na P3, wakarudi wakidhani wamemaliza.

Mwajiri asiporipoti, usimngoje. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti ya DOSHS, idara ya usalama na afya kazini ya huyo Mkurugenzi, iwe Nakuru au Kisumu, ukiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali na ushahidi wa ajira. Dai lenyewe lina mwisho wa miezi 12 tangu ajali. Mwajiri anayekuambia "pona kwanza, tutaongea" huenda ana nia njema, ila kalenda haijui nia. Peleka dai likiwa na ripoti ya awali, useme kwamba ripoti ya mwisho ya ulemavu itafuata matibabu yakiisha.

Wakati unasubiri, kuna malipo mengine yanayokimbia kando, nayo hayakatwi kwenye fidia ya kudumu. Ukikosa kazi siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya kila kipindi sawa na mapato yako mpaka upone, yasizidi miezi 12. Gharama za matibabu nazo ni za mwajiri: hospitali, dawa, uuguzi, nauli ya kwenda kliniki, magongo na kiungo bandia pamoja na ukarabati wake. Tunza risiti za matatu kadiri zinavyopatikana, na pasipo risiti weka daftari la tarehe na nauli. Hospitali ikikuuliza SHA, yaani bima ya afya ya umma, sema wazi kwamba ni ajali ya kazini. Bili ikishazama kwenye bima yako, mwajiri hana haraka tena.

Mkurugenzi akimaliza kukadiria, hutoa DOSH/WIBA 4, yenye asilimia, mapato na jumla. Kabla haijatoka au mara tu baada ya hapo, bima ya mwajiri inaweza kukutaka upimwe na daktari wao. Nenda. Kukataa bila sababu kunaweza kusimamisha mafao yako, na gharama ya kipimo hicho si yako. Ila nenda na nakala ya ripoti ya kwanza na picha za eksirei, na usijifanye mzima zaidi wala mgonjwa zaidi. Daktari akikuambia ukunje kiwiko, kunja mpaka pale kinapokoma, umwambie hapo ndipo mwisho. Omba nakala ya ripoti yake. Tofauti ya asilimia 4 na 12 kati ya madaktari wawili karibu kila mara inaelezeka: mmoja hakuwa na picha ya pili, au mmoja alipima kabla ya mazoezi ya viungo kuisha, au mmoja hakupima nguvu ya mkono kabisa. Tafuta sababu hiyo kwanza, ndipo uandike pingamizi.

Pingamizi lina siku 60 tangu uamuzi wa Mkurugenzi. Yeye ana siku 14 kujibu kwa maandishi. Usiporidhika na jibu, una siku 30 tangu ulipolipokea kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Nakuru na Kisumu. Pingamizi lenye nguvu ni fupi: uamuzi wa tarehe fulani ulitumia mapato ya 18,000, hati za miezi sita zinaonyesha 24,000, naomba hesabu irudiwe. Malalamiko kuhusu maisha magumu na karo ya watoto, hata yakiwa ya kweli kabisa, hayagusi hata namba moja. Katika hatua hii huhitaji wakili. Kwenye rufaa unamhitaji, na umtafute kabla ya siku ya 20 kati ya hizo 30.

Mwajiri anaweza kukuita ofisini, akaweka shilingi 50,000 mezani na karatasi inayosema umeridhika na hutadai tena. Makubaliano ya kuachilia mafao ya WIBA ni batili. Lakini karatasi hiyo huwa imeandikwa ndani yake kwamba ulipona kabisa, au kwamba ulikuwa ukilipwa kiasi kidogo kwa siku, na hayo maelezo ndiyo yatakayokuja kukusumbua. Soma sentensi za katikati kuliko ile ya mwisho.

Jambo dogo, kwa sababu linaulizwa kila mara: asilimia ya WIBA si kadi ya ulemavu. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ina tathmini yake ya hospitali, na msamaha wa kodi nao una maombi yake. Ukipewa asilimia 15 na DOSHS hujasajiliwa popote.

Kisha malipo. Bima iliyodaiwa inatakiwa kulipa ndani ya siku 90 tangu dai lipelekwe, na pesa zikishapokelewa na Mkurugenzi, ana siku 30 kukufikishia. Mwajiri aliyekata bima kama sheria inavyomtaka kwa kawaida hulipa, kwa kuchelewa. Asiye na bima ndiye shida, kwa kuwa Mkurugenzi anakadiria lakini hana dalali wa kwenda kuchukua mali. Njia iliyobaki ni kuomba mahakama ya ajira iupokee ukadiriaji huo kama hukumu ili utekelezwe. Majaji wengi wamekubali, wengine wamesema mamlaka yao kwa mambo ya WIBA ni ya rufaa tu. Ombi lako liambatane na DOSH/WIBA 4 yenye muhuri, uthibitisho kwamba mwajiri aliipokea na lini, na onyesho kwamba siku zake 60 za kupinga zimepita bila yeye kuandika lolote. Uthibitisho wa kupokea ndio unaokosekana mara nyingi. Siku ya kuipeleka fomu hiyo kwa mwajiri, beba nakala mbili, na usiondoke kwenye meza ya mapokezi kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe.